Cc na hosipawa ni vitu viwili, usichanganye

Wengi wakitaka gari wanauliza cc tu, kumbe cc ni ukubwa wa nafasi ambayo pistoni zinapanda na kushuka, ukijumlisha silinda zote, kwa hiyo 1000cc ni lita moja, nguvu haikwambii, nguvu inapimwa kwa hosipawa (nguvu za farasi). Cheki hii: Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, dizeli bila turbo, ina karibu cc 4,200 ila farasi ni 130 hivi, wakati Forester ya cc 2,000 yenye turbo inafika 220. Lakini kama unabeba magunia ya mahindi porini chukua 1HZ tu, nguvu yake ya kuvuta inakuja mapema, mshale wa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) uko 2,200 hivi, mi naipendea hapo. Kabla hujalipa fungua boneti, soma kibati uone jina la injini, ndo utafute hosipawa yake na inapatikana kwenye rpm ngapi.