Kumchora Mama Aliyebeba Mtoto Akilima: Hatua kwa Hatua

Ukitaka kumchora mama anayelima huku amebeba mtoto mgongoni, anza na uzito, si sura. Nimewachora akina mama wa kwetu, chini ya Mlima Elgon, kwa miaka mingi, na mchoro ulioanza na macho mara nyingi huishia na mtoto anayeonekana kama amebandikwa.

Kwanza, chagua saa. Ikweta inapita Uganda, na karibu na saa 6 mchana jua huwa utosini, vivuli hujikusanya miguuni na mwili huonekana bapa. Nenda saa 1 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, ukiwa na penseli za HB, yenye ugumu wa wastani, na 4B, iliyo laini na nyeusi zaidi. Omba ruhusa, hata kama ni mama yako mzazi.

Pili, chora mstari mmoja kutoka kisogoni hadi kisiginoni. Anapoinamia jembe, nyonga zake hurudi nyuma ili asipinduke. Hakikisha kwa timazi, yaani uzi uliofungwa kijiwe: ukiushikilia mbele ya jicho, ukaupitisha katikati ya mama na mtoto kwa pamoja, uangukie baina ya nyayo zake.

Tatu, mchore mtoto. Mtu mzima ana urefu wa vichwa 7 hivi, yaani mara 7 ya kichwa chake mwenyewe, lakini mtoto wa mwaka mmoja ana vichwa vyake 4 tu. Ukikipunguza kichwa chake utapata mzee mdogo. Shavu lake limegandamana na mgongo wa mama, kwa hiyo usiache mwanga kati yao.

Nne ni mbeleko, na hapa usiharakishe. Kitambaa kinabeba uzito wote wa mtoto, na kila mkunjo unaonyesha mahali unapovuta: mikunjo hutoka kwenye fundo kifuani kama miale, hupita chini ya makwapa, kisha hupotea kabisa chini ya makalio ya mtoto, ambako kitambaa kimekazwa. Sehemu hiyo iache laini, utie kivuli cha 4B pembezoni tu. Maua ya kitenge yachorwe mwisho, yakipinda pamoja na mwili.

Migomba ya nyuma inahitaji mistari michache. Jani lake hupasuka kutoka ukingoni kuelekea uti wa kati, likifuata mishipa, basi lipasue hivyo.

Hatimaye mwonyeshe uliyemchora, kwa kuwa yeye ndiye anayeujua mzigo ule. Mama yangu aliutazama mchoro wangu wa kwanza kwa muda mrefu, kisha akauliza mtoto ameshikiliwa na nini, maana nilikuwa nimelisahau fundo. Akambeba mdogo wangu, akajifunga mbeleko polepole mbele yangu, nami nikachora upya.