Kabla ya Kuwaomba Wazazi Wachangie Shule

Kabla ya kuitisha kikao, wanakamati wa shule, jueni mnachangisha kwa ajili ya nini hasa. "Maendeleo ya shule" hayamwambii mzazi kitu. Nendeni mkahesabu, tuseme matundu ya vyoo. Kiwango cha Tanzania ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 240 na matundu saba ina upungufu wa matano, na hilo kila mtu analielewa. Mleteni fundi apime, ulizeni bei kwenye maduka matatu, na msisahau gharama ya lori la mchanga. Hiyo ndiyo huwarudisha wanakamati kwa wazazi mara ya pili wakiwa na aibu.

Shule za serikali zina utaratibu wake. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, na mwaka 2018 Rais John Magufuli aliwakataza walimu kukusanya michango. Kwa hiyo mpango upite kwenye kamati ya shule, ufike kwa mkurugenzi wa halmashauri, na kibali kiwe cha maandishi. Mwalimu abaki na chaki yake.

Halafu kuna neno hiari, na hapa naomba tukae kidogo. Niliwahi kuwa mweka hazina wa kamati, nikaandaa orodha ya ambao hawajatoa. Ikasomwa mstarini asubuhi, mbele ya watoto. Binti mmoja wa darasa la nne hakuonekana shuleni siku tatu. Mama yake alikuwa anauza vitumbua, na wiki ile alikuwa mgonjwa. Hakuna aliyekuwa ameniambia, nami sikuuliza. Tangu hapo nashikilia kwamba jina la mtoto lisikaribie kabisa daftari la michango. Kubalianeni mapema kuwa asiye na pesa anaweza kuja kuchimba msingi au kusomba maji, au asitoe chochote, na mwanawe asijue. Kwenye ubao wa matangazo bandikeni jumla tu.

Pesa iingie kwenye akaunti ya shule, kamwe isipite kwenye simu ya mwenyekiti, hata akiwa mcha Mungu namna gani. Stakabadhi ziwe na namba. Anayepokea asiwe ndiye anayenunua. Tarehe ya kusoma mapato na matumizi itajwe siku ileile ya kuomba.

Jambo la mwisho ni lile ambalo vikao vingi hukwepa: mkipata nusu tu, mtafanyaje? Amueni sasa, iandikwe kwenye muhtasari. Mimi ningeanza na matundu mawili ya wasichana, yenye milango, makomeo na maji, kuliko kuinua kuta za matano zikangoje bati hadi mvua za masika.