Ukinakili uso wa Van Gogh, fuata mwelekeo wa brashi

Mnaojifunza kuchora sura hapa Mtwara, jaribuni kunakili ile picha ambayo Van Gogh, mchoraji Mholanzi, alijichora mwenyewe Septemba 1889. Iko Paris, lakini steshenari ya mjini itakutolea nakala ya A4. Toa mbili: ya rangi na isiyo na rangi. Anza na hiyo isiyo na rangi, ushike kwanza mwanga na kivuli. Van Gogh mwenyewe, akiwa Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa, alinakili kazi za mchoraji Mfaransa Millet kutoka picha za nyeusi na nyeupe, rangi akatia za kwake.

Usihangaike kufananisha. Angalia brashi inaelekea wapi: usoni inafuata umbo la mfupa, nyuma yake inazunguka kama maji ya mkondo. Hisia imekaa humo. Weka kwanza vimistari vya penseli vya mwelekeo tu, kisha paka rangi na uiache ilivyo. Kulainisha ndiko kunakoua sura, na sisi tumezoea mno kulainisha ili ifanane na picha ya studio. (Wanaochonga barakoa za mapiko, ngoma ya Wamakonde, hawana woga huo; wanakuza pua na mdomo wanavyotaka.)

Kanvasi ikiwa ghali, wamba kitambaa cha marekani kwenye fremu, kipake rangi nyeupe ya maji ya ukutani mara mbili. Kwa mazoezi kinatosha.

Halafu mchore jirani kwa njia hiyohiyo. Kwenye kivuli cha ngozi nyeusi usitumie rangi nyeusi tupu. Changanya bluu na kahawia.