Kupanga wiki ya masomo ya nyumbani katika fleti ya Nairobi

Familia nyingi zinazoanza kusomesha watoto nyumbani hunakili ratiba ya shule: vipindi vinane kwa siku, kengele ya simu, mapumziko saa nne. Wiki ya kwanza huenda vizuri. Wiki ya pili maji yanafunguliwa Jumanne asubuhi, gesi inaishia chai ikiwa jikoni, kitinda mimba anaamka na homa, na kufikia Alhamisi mzazi anahesabu vipindi vilivyompita badala ya kufundisha. Shule ina mpishi, mfagiaji na mwalimu wa kila darasa. Nyumbani kazi zote hizo ni za mtu mmoja au wawili. Kwa hivyo hisabati na kusoma vipewe saa zao zisizoguswa ila siku ya maji na siku ya kutoka, na masomo mengine yote yafuate maji, jiko, stima na soko.

Tuchukue nyumba yenye mtoto wa Gredi ya 1, mwingine wa Gredi ya 4, na kitinda mimba wa miaka miwili.

Saa mbili na nusu hadi saa tano

Shuleni kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30, na cha Gredi ya 4 hadi ya 6 ni dakika 35. Muda huo umepimwa kwa darasa zima. Mtoto aliyekaa mezani ubavuni mwa mzazi huelewa jambo lile lile kwa dakika 15 hadi 20, na ukimvuta zaidi ataanza kuchora pembeni mwa daftari.

Fundisha kwa zamu. Anza na wa Gredi ya 1: asome kwa sauti kando yako dakika 15, wewe ukifuata mstari kwa kidole. Wakati huo mkubwa anafanya hesabu sita au nane peke yake. Kisha badilisheni: mkubwa anafundishwa hesabu mpya dakika 20, mdogo wake ananakili sentensi mbili au anafunga vijiti kumi kumi kwa mpira. Wapumzike nje au kwenye ngazi dakika 15, kisha zamu ya pili: hisabati kwa mdogo, kusoma na kuandika kwa mkubwa. Kufikia saa tano kila mmoja amepata zamu mbili za kufundishwa na mbili za kujitegemea, na hiyo inatosha kwa asubuhi.

Kinachoharibu zamu mara nyingi ni kumpa mtoto kazi ya peke yake ambayo ni mpya. Atakuita kila baada ya dakika mbili, na masomo yote mawili yatakwama. Kazi ya kujitegemea iwe ya jambo alilofundishwa jana au juzi. Akikwama, aweke nukta pembeni mwa swali na aendelee na linalofuata hadi zamu yake ifike.

Yule wa miaka miwili mhudumie kwanza. Mpe dakika kumi zake kabla hujafungua kitabu, kisha toa kikapu kinachoonekana saa za masomo tu: vibanio vya nguo, vikombe vya plastiki, kisufuria na mwiko. Usimwachie vifuniko vya soda wala maharagwe, vinaweza kumkaba. Kikapu kikikaa nje siku nzima, kitakuwa kimemchosha kabla ya Jumatano.

Maandalizi ya Jumapili jioni

Keti na daftari la mpango na penseli. Usitumie kalamu ya wino, kwa maana utafuta. Andika kurasa za kila mtoto kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, na uache Ijumaa tupu. Kila wiki ina mabaki yake, na Ijumaa ndiyo ya kuyamaliza. Asiye na mabaki asome kitabu anachokitaka mwenyewe.

Kila mtoto awe na madaftari manne: la mraba kwa hisabati (miraba humzuia kupanga makumi chini ya mamoja), la mistari kwa Kiswahili, la mistari kwa Kiingereza, na moja kubwa lisilo na mistari kwa michoro na uchunguzi. Chonga penseli zote usiku huo. Mtoto wa Gredi ya 1 anayetafuta kichongeo asubuhi hupoteza robo saa, na wewe pamoja naye.

Siku ya maji

Mitaa mingi ina siku zake za mgao. Siku ya maji usipange masomo zaidi ya ile asubuhi, na yakifunguliwa katikati, simamisheni yote mkachote. Kisha mfanye hesabu kwa hayo maji. Mkubwa apime kwa simu sekunde za kujaza mtungi wa lita 20. Ukijaa kwa sekunde 160, lita moja imechukua sekunde 8. Mitungi tisa itachukua muda gani? Tenki la lita 200 je? Mdogo ahesabu mitungi ishirini ishirini: 20, 40, 60. Mtungi uliojaa una uzito wa zaidi ya kilo 20, kwa hivyo asiubebe mtoto wa miaka kumi. Mpe wa lita tano.

Nguo nazo hufuliwa siku hiyo. Kuzianua, kuzikunja na kuzigawa kabatini ni kazi ya watoto jioni, huku mmoja akisimulia alichosoma asubuhi na mwingine akimuuliza maswali.

Mita ya stima kama kitabu cha hisabati

Mita ya tokeni huonyesha yuniti zilizobaki, nayo inafaa sana kufundishia desimali. Mtoto wa Gredi ya 4 aisome kila asubuhi saa ile ile na aandike kwenye jedwali. Jumatatu 18.4, Jumanne 15.9: zimetumika 2.5. Baada ya wiki achore grafu. Siku ya kupiga pasi itajionyesha yenyewe.

Hesabu hukataa siku ya kununua tokeni. Alhamisi asubuhi mita inasoma 12.7, jioni mnaongeza yuniti 16.3, Ijumaa asubuhi inasoma 26.4. Mtoto akitoa moja kwa moja atapata kwamba stima imeongezeka baada ya kutumika. Usimwambie jibu, mwache aone mwenyewe kuwa haiwezekani. Kisha aongeze 12.7 na 16.3 apate 29.0, atoe 26.4, abaki na 2.6.

Namba ya tokeni ina tarakimu 20, makundi matano ya tarakimu nne nne. Mdogo asome, mkubwa abonyeze, na mara nyingine wabadilishane. Tarakimu moja ikiruka, mita inakataa, na hapo mtoto huanza kusoma kwa makini bila kuhimizwa.

Jikoni na kwenye paa

Kiswahili cha watoto wa Nairobi huchanganyika na Sheng, na ngeli ndizo huumia kwanza. Dakika kumi za kuosha vyombo zinafaa kuliko ukurasa mzima wa mazoezi: kisu hiki, visu hivi, mwiko huu, miko hii, sufuria hii, sufuria hizi, jiko hili, meko haya. Akisema “kisu hii”, jibu tu, “Ndiyo, kisu hiki, kipanguse,” na muendelee. Ukimkatiza kila neno ataacha kuzungumza. Imla iwe mara mbili kwa wiki, sentensi tano pekee, zitoke kwenye kitabu alichokwisha kukisoma.

Sayansi anzeni na maharagwe. Nairobi iko juu ya bahari kwa takribani mita 1,700, kwa hivyo maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 94 au 95 hivi badala ya 100. Ndiyo maana maharagwe huchukua muda mrefu zaidi hapa kuliko Mombasa, na ndiyo maana sufuria ya presha huokoa gesi. Mkitaka kupima, tumieni kipimajoto cha jikoni kinachofika nyuzi 110. Kile cha kupimia homa kisitumbukizwe kabisa, kitapasuka au kuharibika.

Paa mnapoanika nguo panafaa kwa somo la kivuli. Simamisha kijiti cha sentimita 30 ndani ya kopo la mchanga na ukikague kwa uzi wenye jiwe, kwa maana kijiti kilichoinama hudanganya. Pimeni kivuli kila baada ya dakika kumi kuanzia saa sita na robo. Wengi hutarajia kiwe kifupi zaidi saa sita kamili, lakini Nairobi huwa karibu saa sita na nusu, kwa sababu saa yetu imewekwa kwa longitudo 45 mashariki nasi tuko karibu 37. Mwezi Juni kivuli cha adhuhuri huelekea kusini na hukaribia sentimita 14. Desemba hugeuka kaskazini, sentimita 12 hivi. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba hakionekani kabisa. Juni na Julai mawingu huweza kuziba jua siku nzima, kwa hivyo msingoje tarehe moja. Pimeni siku yoyote jua likitoka.

Siku ya kutoka

Siku moja kwa wiki inatosha. Ondokeni baada ya saa tatu na nusu, nauli ya matatu ikishashuka, na mrudi kabla ya saa kumi. Mvua ikianza nauli hupanda, basi beba ya ziada.

Zungusheni maktaba, msitu na makumbusho. Kuna maktaba ya kitaifa Upper Hill, na zile za kaunti Kaloleni na Makadara kwa wakazi wa Eastlands. Msitu wa Karura una njia ndefu, maporomoko ya maji na mapango. Katika Makumbusho ya Kitaifa, chagueni kitu kimoja tu. Mifupa ya kijana wa Turkana, binadamu wa kale aliyegunduliwa na mtafuta visukuku Kamoya Kimeu mwaka 1984, inatosha kwa asubuhi nzima: mtoto wako achore fuvu, alinganishe urefu wa mkono na wake mwenyewe, na aandike maswali matatu ya kutafutia majibu nyumbani. Ukimpitisha kila chumba atakumbuka ndege waliokaushwa na uchovu wa miguu.

Kazi ya mzazi, dada wa kazi na wageni

Mzazi anayetoka kazini jioni anaweza kufundisha saa kumi na mbili hadi saa moja asubuhi, kisha saa moja na nusu hadi saa mbili na nusu usiku, wiki nzima. Mchana watoto wafanye kazi za kujitegemea na za nyumba. Dada asimamie ratiba, lakini asibebeshwe kufundisha hesabu mpya ambazo hukumwajiri kwazo. Majirani na jamaa huona kwamba uko nyumbani tu. Waambie mapema, kwa upole, kwamba karibu ni baada ya saa sita, na simu ikae chumbani hadi saa tano.

Kumbukumbu na mitihani

Kila Ijumaa chukua kazi mbili za kila mtoto, andika tarehe, na uzitie kwenye faili: moja aliyofanya vizuri, moja aliyohangaika nayo. Shule yoyote atakayojiunga nayo baadaye itataka kuona amefika wapi.

Anayefuata mtaala wa kitaifa ajue kwamba tathmini za KNEC (Baraza la Mitihani la Kenya), yaani KPSEA ya Gredi ya 6 na KJSEA ya Gredi ya 9, husajiliwa kupitia shule, na kwamba kuna alama zinazokusanywa miaka ya kabla. Zungumza na shule iliyo tayari kumsajili kabla hajaingia Gredi ya 4, na upate makubaliano hayo kwa maandishi. Wanaofuata mtaala wa Cambridge, ule wa Uingereza, huweza kufanya mitihani yake ya sekondari, IGCSE, kama watahiniwa wa kujitegemea kwenye vituo vinavyowapokea. Uliza kituo kuhusu masomo yenye majaribio ya maabara kabla hujanunua vitabu, kwa maana si kila kituo huyakubali.