Kabla hujahamisha maktaba ya programu kwenda lugha nyingine: mambo ya kuzingatia

Kikundi kimoja cha wavuvi hapa Kigoma kilinipa kazi ya kalenda ya giza. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na taa haivuti kitu mwezi ukiwa mpevu, kwa hiyo siku za mbalamwezi wengi hukaa nchi kavu wakishona nyavu. Nilikuwa na maktaba yangu ndogo, yaani msimbo ulio tayari kutumiwa na programu nyingine, niliyoiandika kwa lugha ya Python, inayokokotoa umri wa mwezi. Wao walitaka kalenda ifanye kazi ndani ya simu, hata katikati ya ziwa ambako mtandao haufiki, basi nikaihamishia JavaScript, lugha nyingine ya programu. Siku mbili tu, kazi imekwisha, nikajisifu. Wiki ya tatu katibu akaingiza kumbukumbu za mavuno ya 1998, kalenda ikamwambia kwamba usiku wa mwezi mpevu ulikuwa giza totoro.

Kosa lilikuwa kwenye alama moja, %, inayotoa baki la kugawanya. Hesabu yangu inaanzia mwezi ulioandama tarehe 6 Januari 2000: unahesabu siku zilizopita tangu hapo, unagawanya kwa 29.53, ambazo ni siku za mwezi mmoja wa angani, na baki ndilo umri wa mwezi. Tarehe ya kabla ya hapo inazaa namba hasi. Python hutoa baki chanya ilimradi kigawanyo ni chanya. JavaScript huliachia baki uchanya au uhasi wa namba inayogawanywa. Siku 15 kabla ya mwanzo, Python inasema 14.53, yaani mwezi umejaa. JavaScript inasema −15. Nami nilikuwa nimeandika kwamba umri ukiwa chini ya 4 ni giza, na −15 iko chini ya 4. Alama ni ileile, %, na nilikuwa nimeinakili kwa uangalifu mkubwa.

Tangu siku hiyo siandiki mstari hata mmoja wa lugha mpya kabla sijapitia mambo fulani.

La kwanza ni kujiuliza kama kazi yenyewe inahitajika. Huenda mwenzako alishaihamisha. Chukua libphonenumber ya Google, inayotambua na kupanga namba za simu, zile zetu za +255 zikiwemo: wenyewe wanaitoa kwa Java, C++ na JavaScript, na watu wengine wameshaipeleka Python, PHP na kwingineko. Kuiandika upya ni kujitafutia kazi. Na maktaba ya C mara nyingi haihamishwi kabisa. Lugha nyingi zinaweza kuiita ilipo. Ukiona bado kuna sababu ya kweli, kama ile yangu ya simu isiyo na mtandao, endelea.

Leseni isome kabla, si baada. Kuandika msimbo wa mtu kwa lugha nyingine hakuufanyi kuwa wako, kama vile tafsiri ya kitabu isivyomfuta mwandishi wake. Leseni ya MIT inakutaka ubakize tangazo la hakimiliki. Leseni ya GPL inataka kile unachokisambaza nacho kibaki chini ya GPL, na mteja wako anastahili kulijua hilo mapema.

Sasa jambo ambalo ningelipa nusu ya muda wote: kuchota majibu ya maktaba ya zamani ingali hai. Kinachohama ni tabia ya maktaba, na tabia hiyo haimo yote kwenye msimbo. Nyingine imejificha ndani ya lugha yenyewe, kama ile % yangu. Kwa kalenda ya giza niliiambia Python itoe umri wa mwezi kwa kila siku kuanzia 1 Januari 1990 hadi 31 Desemba 2040. Ni mistari 18,628, faili lisilofika hata nusu MB. Kila nilipobadilisha kitu upande wa JavaScript, nililinganisha mistari yote. Ningefanya hivyo mwanzoni, 1998 ingenifunga breki siku ya kwanza. Chota majibu ya pembeni hasa: sifuri, namba hasi, orodha tupu, jina lenye nafasi mwishoni, 29 Februari. Chota hata majibu ya makosa, kwa sababu kuna mtu anayategemea. Halafu amua mapema tofauti ndogo kiasi gani unaivumilia, maana hesabu za sine na kosine zinaweza kupishana kwenye tarakimu ya mwisho kati ya lugha na lugha. Ukisubiri hadi uone tofauti ndipo upange kiwango, utapanga kile kinachokupitisha. Mimi nimewahi.

Namba zina mitego mingine, na wenye kudai ni watu wa fedha. Python 3 ikikadiria nusu kamili huelekea namba shufwa: 2,500 ukiikadiria kwa maelfu inatoa 2,000. PHP inatoa 3,000. Mgawo wa mauzo ya dagaa ukihamishwa bila kuliona hilo, kuna mvuvi atakayekuja na daftari lake, na daftari lake litakuwa sahihi. Angalia pia ukubwa: namba nzima za Python hazina kikomo, lakini int, namba nzima ya kawaida ya Java, inaishia 2,147,483,647 kisha inageuka hasi kimyakimya. Shilingi bilioni mbili na kitu si nyingi kwa jumla za miaka. Namba za kawaida za JavaScript huhesabu kwa uhakika hadi 9,007,199,254,740,991, na juu ya hapo huanza kuruka.

Tarehe. JavaScript huhesabu miezi kuanzia 0, kwa hiyo Januari ni 0 na Desemba ni 11. Python huanzia 1. Na sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa, hivyo usiku wa manane wa Kigoma tarehe 10, ukiandikwa kwa UTC, ni saa 21:00 ya tarehe 9. Ukitupa sehemu ya saa, siku imerudi nyuma.

Maandishi yana urefu tofauti kutegemea anayepima. Emoji moja ya samaki ni 1 kwa Python, 2 kwa JavaScript, na 4 kwa Go, kwa sababu Go inapima baiti, vipande vya kumbukumbu ambavyo maandishi huhifadhiwa. Kiswahili chetu hakina herufi za ajabu, ndiyo maana tatizo hili hujificha hadi mtu aweke emoji kwenye jina la mtumbwi.

Lugha unayoelekea iwe na umbo la karibu na unayotoka, kama una uhuru wa kuchagua. Machi 2025 Microsoft ilitangaza kwamba kikompaila cha TypeScript, yaani programu inayogeuza msimbo wa lugha hiyo kuwa JavaScript, kinahamishiwa Go, na kasi imepanda takriban mara 10. Wengi walitarajia lugha ya Rust. Anders Hejlsberg, kiongozi wa TypeScript, na wenzake walieleza kwamba msimbo wao wa zamani ulifanana zaidi na wa Go, hivyo ungeweza kuhama kipande kwa kipande bila kubuniwa upya. Na raundi ya kwanza usipambe: bakiza majina na mpangilio uleule ili mtu aweze kuweka mafaili mawili ubavu kwa ubavu. Kuipa sura ya lugha mpya kuje baadaye. NUnit, maktaba ya kupima msimbo wa .NET, ilianza kama JUnit ya Java iliyohamishwa, ndipo ikaandikwa upya ifaidi lugha ya C#.

Mtafute aliyeiandika. Hapa Kigoma mfano tunao majini: meli ya MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa vipandevipande, ikaja kuungwa upya hapa na kushushwa ziwani 1915. Pamoja na makasha walikuja mafundi watatu wa kiwanda chenyewe. Kasha halielezi kwa nini bolti fulani iko hapo, na msimbo nao hivyohivyo. Swali moja kwa mwandishi wa asili, "hii 0.5 umeiweka ya nini?", linaokoa wiki nzima. Kama hapatikani, soma historia ya mabadiliko kwenye Git, programu inayotunza kila badiliko la msimbo, na andika namba ya toleo ulilolihamisha, kwa sababu maktaba ya asili itaendelea kubadilika nawe utapaswa kuifuata.

Mwisho, usizime ya zamani siku mpya inapowashwa. Zangu niliziacha zikienda pamoja kwa miezi miwili ya angani, na kila asubuhi nikilinganisha. Zilipishana mara moja, usiku wa tarehe 31, nikakuta mwezi niliouhesabu kuanzia 1 mahali palipotaka 0. Nikarekebisha, nikaanza kuhesabu miezi miwili upya. Katibu aliniuliza kwa nini bado namlipisha seva ya Python. Nikamwonyesha ule usiku wa 1998.