Umeripoti faulo kwa namba isiyo yake? Fanya hivi

Jumamosi iliyopita kijana ninayemfundisha urefa alikuwa anachezesha mechi yake ya pili ya mpira wa kikapu, kiwanja cha saruji hapa hapa Dodoma. Robo ya tatu akaripoti faulo ya namba 12 wa bluu, skora, yaani mwandishi wa mezani, akaandika 21. Baadaye kidogo 21 akaambiwa na meza kwamba amefikisha faulo tano, atoke. "Refa, mimi nina nne!" Kocha wake naye tayari yuko mezani. Kijana akanigeukia mimi niliyekaa na watazamaji, kana kwamba kipyenga ninacho mimi.

1. Piga kipyenga, ngumi juu, saa isimame. Hili unalijua. Nunua tu kipyenga kisicho na punje ndani. Vumbi letu la kiangazi likiingia kwenye punje, utapuliza upepo.

2. Soma jezi kabla hujaondoka ulipo. Tamka rangi na namba kwa sauti, "bluu, kumi na mbili", huku ukimtazama mchezaji mwenyewe. Wengi wanaanza kukimbilia mezani, wakifika kati wanageuka kumtafuta aliyefanya faulo. Wakati huo wachezaji wote wameshachanganyika.

3. Namba kwa mikono. Hapa ndipo kijana alipoanguka, na miaka ya nyuma nilianguka mimi pia. Alionyesha kidole 1 mkono wa kushoto na vidole 2 mkono wa kulia, vyote kwa pamoja. Yeye anasoma 12. Skora amekaa anamtazama usoni, kwa hiyo mkono wa kulia wa refa uko kushoto kwa skora. Anaanza na 2, anamalizia na 1. Skora hana kosa hata chembe.

Mfumo wa FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, unaliziba tundu hilo. Namba 11 hadi 15: mkono wa kulia ngumi (hiyo ni kumi), wa kushoto vidole vinavyobaki. Kuanzia 16 hadi 99 unaonyesha kwa awamu mbili: kwanza makumi, mgongo wa kiganja ukiielekea meza, kisha mamoja, kiganja wazi. Simama kabisa unapoonyesha. Refa anayeripoti huku anatembea simpendi, hata awe na uzoefu gani.

4. Aina ya faulo, halafu adhabu. Subiri skora atikise kichwa.

5. Ukigundua umekosea bado uko mbele ya meza, futa hewani kwa mikono, anza upya kuanzia rangi. Usirekebishe nusu. Ukisema "hapana, 14" bila kurudia rangi, skora anaweza kumwandikia 14 wa timu nyingine.

6. Kosa likigundulika mchezo ukiwa umeendelea. Soma hapa polepole, maana yako makosa ya namna mbili na watu wanayachanganya.

La kwanza ni la maandishi: idadi ya faulo, pointi, muda wa mapumziko ulioombwa. Hilo linarekebishwa wakati wowote kabla refa mkuu hajasaini skoshiti, ile karatasi ya pointi na faulo. Skora akiliona mpira ukichezwa asipige honi, asubiri mpira mfu wa kwanza, yaani pale mpira usipochezwa. Ndiyo maana 21 wetu alirudi kuwa na nne na akaruhusiwa kuingia tena, faulo ikahamia kwa 12. Pointi zilizofungwa akiwa benchi zilibaki vilevile, na dakika hazikurudishwa. Kocha hakupenda. Kanuni ndivyo ilivyo.

La pili lina mlango unaofungwa: mitupo huru iliyotolewa bila kustahili, iliyostahili ikanyimwa, iliyorushwa na mtu asiye wake, au pointi zilizotolewa au kufutwa kimakosa. Hesabu hivi: kosa limetokea, saa imeanza kutembea, mpira umekufa mara ya kwanza. Kabla haujawa hai tena, rekebisha. Ukishakuwa hai, umechelewa.

Mfano. Bluu wamefanya faulo ya tano ya timu katika robo, nyekundu wanastahili mitupo miwili, wewe ukawapa mpira wa pembeni. Wanaurusha, bluu wanaupora na kufunga. Hapo mpira umekufa. Meza ikikushtua kabla nyekundu hawajaushika kuurusha kutoka mstari wa nyuma, nyekundu wanapewa mitupo yao bila wachezaji kujipanga, kikapu cha bluu kinabaki, na mchezo unaendelea pale uliposimama, yaani nyekundu kurusha nyuma. Lakini kama nyekundu wenyewe ndio wangefunga kutokana na mpira ule wa pembeni, kosa linaachwa. Hili la mwisho liliwahi kunikalisha na kitabu cha kanuni hadi saa saba usiku.

7. Kalamu. Nyekundu robo ya kwanza na ya tatu, bluu iliyokoza au nyeusi ya pili na ya nne. Ukitumia moja, hutajua faulo ni ya robo ipi pale utakapoitafuta. Beba na vibanio vya nguo, upepo wa Dodoma hauheshimu karatasi.

8. Saini. Hata saa ikiwa imeisha, kosa la maandishi bado unaweza kulirekebisha, hata kama mshindi atabadilika. Wino ukigusa karatasi, kinachobaki ni kuandika taarifa kwa waandaaji. Kwa hiyo mimi sisaini nikiwa nimesimama. Navuta kiti, nahesabu faulo za kila jezi pamoja na skora, wao waendelee kupiga kelele.