Kuseti variabo za mazingira kwenye sheli yako, kuanzia export mpaka promti inayosoma saa za Kiswahili

Hii ni kwa mtu ambaye tayari anatumia teminali, anajua cd na ls, anakopi amri za watu na kupesti, ila kila akiona maelekezo yanasema "weka hii kwenye .bashrc" anaweka tu huku anaomba Mungu. Tutumie bash, ile sheli (programu inayopokea na kutekeleza amri unazoandika kwenye teminali) inayokuja na Ubuntu na Linux nyingi, na nitataja zsh pale inapotofautiana kwa sababu wenye Mac tangu macOS Catalina ya 2019 sheli yao ya kawaida ni zsh. Kama hujui uko kwenye ipi andika hivi:

    ps -p $$

Usitegemee sana echo $SHELL, ile inakwambia sheli uliyosajiliwa nayo, siyo lazima iwe ndiyo unayoandikia sasa hivi.

Haya, andika printenv halafu eneta. Hayo majina yanayoshuka ndiyo variabo zenyewe: HOME ni folda yako, USER ni jina lako, LANG ni lugha, PATH tutaifikia. Ni jina na thamani, basi, hakuna uchawi, na kitu hiki kipo hivyo hivyo tangu Unix toleo la 7 la mwaka 1979 na sheli ya Stephen Bourne, kwa hiyo ukikielewa leo hakikuchachii mkononi.

Sasa fanya jaribio hili, na tafadhali lifanye kweli usilisome tu, kwa sababu karibu maswali yote ya baadaye yanajibiwa hapa:

    MJI=Tanga
    echo $MJI
    bash
    echo $MJI
    exit

Echo ya kwanza inaleta Tanga. Ile ya pili, baada ya kufungua bash nyingine ndani ya bash, inaleta mstari mtupu. Rudia tena ila safari hii anza na export MJI=Tanga, na ya pili nayo italeta Tanga. Yaani sheli ikifungua programu yoyote, iwe git, python au sheli nyingine, inaipa nakala ya variabo zile tu zilizoekspotiwa, zilizobaki inakaa nazo yenyewe. Na ni nakala kwelikweli: ukiwa kule ndani ukaandika MJI=Lindi halafu exit, huku nje bado ni Tanga. Mtoto anarithi kwa mzazi, mzazi harithi kwa mtoto, hata siku moja.

Ndiyo maana skripti uliyoandika iweke variabo, ukaikimbiza kwa ./seti.sh, ikimaliza hakuna kilichobadilika na unabaki unashangaa. Ilibadilisha zake, ikafa nazo. Ukitaka ibadilishe za sheli uliyopo unaisoma kwa source seti.sh, hapo haifunguliwi programu mpya, mistari inasomwa kana kwamba umeiandika wewe mwenyewe kwa mkono. Na ndiyo maana pia ukibadili .bashrc teminali zile nyingine ulizofungua tangu asubuhi hazijui lolote, zilishachukua nakala zao kitambo.

Kitu kingine, usiweke nafasi kwenye alama ya sawasawa. MJI = Tanga kwa bash ni amri inayoitwa MJI, itakujibu command not found. Na thamani ikiwa na nafasi ndani iweke kwenye alama za kunukuu, MJI="Dar es Salaam".

Sasa ziandikwe wapi ili zisipotee ukifunga teminali. Hapa ndipo watu wanapochanganywa na mafaili mengi lakini kwa kazi ya kila siku ni rahisi. Bash kwenye Linux: weka kwenye ~/.bashrc, faili ambalo bash inalisoma kila ukifungua teminali. Zsh: weka kwenye ~/.zshrc. Imetosha kwa watu wengi. Kabla hujagusa tengeneza nakala, cp ~/.bashrc ~/.bashrc.zamani, itakuokoa siku moja.

Undani wake ni kwamba bash ukiingia kwa kulogini, mfano kwa ssh (amri ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) kwenye seva, haisomi .bashrc moja kwa moja, inatafuta .bash_profile, isipoipata .bash_login, isipoipata .profile, na inasoma ile ya kwanza tu kuikuta. Ubuntu wanakupa .profile ambayo ndani yake inaita .bashrc, kwa hiyo kila kitu kinaenda vizuri mpaka siku programu fulani ikutengenezee .bash_profile kimyakimya, au uitengeneze wewe kwa kufuata maelekezo ya mahali. Kuanzia hapo .profile haisomwi tena, na .bashrc nayo inaachwa ukilogini, rangi zinapotea, alias (vifupisho vyako vya amri) zinapotea, mtu anadhani seva imeharibika. Dawa ni mstari mmoja ndani ya hiyo .bash_profile:

    [ -f ~/.profile ] && . ~/.profile

Tuje kwenye PATH, mama yao. Ni orodha ya mafolda yaliyotenganishwa kwa nukta pacha, na ukiandika amri sheli inapita folda moja moja kuanzia kushoto, ya kwanza kuwa na programu ya jina hilo ndiyo inayoshinda. Tuseme una skripti zako kwenye folda ya bin ndani ya nyumbani kwako, unaongeza hivi:

    export PATH="$HOME/bin:$PATH"

Ile $PATH ya mwisho ndiyo roho ya mstari. Ukiisahau umefuta orodha nzima umebaki na folda lako peke yake, na hapo hata ls itakwambia haipo. Usipaniki na usizime kompyuta, programu hazijaenda kokote, sheli tu haijui pa kuzitafuta. Andika export PATH=/usr/local/bin:/usr/bin:/bin, fungua nano ~/.bashrc, rekebisha, sevu, fungua teminali mpya. Pia usiandike "~/bin" ndani ya alama za kunukuu ukadhani itageuka kuwa folda yako, ndani ya nukuu ile ~ inabaki alama tu, tumia $HOME.

Ukiweka folda lako mbele, programu zako zinashinda za mfumo, ukiliweka nyuma za mfumo zinashinda. Mimi naweka mbele kwa sababu nikiandika skripti nataka hiyo hiyo itumike, ila usiweke nukta, yaani folda ulilopo, hasa mwanzoni, maana siku utaingia kwenye folda la mtu mwenye faili linaloitwa ls na utakimbiza ya kwake bila kujua. Ukiwa na shaka ipi inatumika, type -a python3 inakuorodheshea zote kwa mpangilio wa ushindi. Na kama unasoma .bashrc mara kwa mara kwa source utaona folda lile lile limejirudia kwenye PATH, halina madhara lakini linachosha macho, hii inazuia:

    case ":$PATH:" in
      *":$HOME/bin:"*) ;;
      *) export PATH="$HOME/bin:$PATH" ;;
    esac

Zile ndogondogo tuzipite haraka. EDITOR inaambia git, crontab -e na wenzao wakufungulie nini ukitakiwa kuandika kitu, kwa hiyo export EDITOR=nano kama vi inakutesa (na kama imeshakukamata sasa hivi: bonyeza Esc, andika :q! halafu eneta). Historia ya amri kwenye bash ni HISTSIZE na HISTFILESIZE, bila kuziseti ni 500 tu, ambayo ni kidogo sana, weka 20000 zote mbili. HISTCONTROL=ignoreboth inaacha kuhifadhi amri iliyorudiwa papo hapo na ile iliyoanza na nafasi. HISTTIMEFORMAT="%F %T " inakuonesha amri iliandikwa lini. Hizi za historia hazihitaji export, anayezitumia ni sheli yenyewe, hakuna wa kurithi.

Sasa sehemu ninayoipenda. Unaweza kuipa programu variabo kwa amri moja tu, bila kubadili chochote cha sheli, kwa kuitanguliza mbele:

    TZ=America/Toronto date

Inakwambia kwa ndugu yako wa Toronto ni saa ngapi ili usimpigie amelala, na mstari unaofuata saa yako iko pale pale. TZ ni majira, ya kwetu ni Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi, ni kitu kimoja. Tarehe kwa Kiswahili nayo ipo: kwenye Ubuntu andika sudo locale-gen sw_TZ.UTF-8, kisha

    LC_TIME=sw_TZ.UTF-8 date "+%A, %d %B"

na inakuletea Jumatatu, Jumanne na wenzake, miezi Januari mpaka Desemba. Ukiipenda iekspoti ndani ya .bashrc. LC_ALL usiifanye ya kudumu, inazikanyaga LANG na LC nyingine zote. Na ukiingia kwa ssh seva isiyo na sw_TZ itakulalamikia cannot change locale, ni kwa sababu ssh ya Ubuntu inazituma LANG na LC zako zote kule. Haina shida, ni kelele tu.

Lakini saa bado zinakuja za kizungu, 13:00 wakati sisi ni saa saba. Hapa kuna ujanja. TZ inakubali pia majira ya kujitungia, herufi tatu na tofauti ya masaa na UTC (saa ya kimataifa ya kulinganishia), ila ishara imegeuzwa, namba chanya ni magharibi. Afrika Mashariki tuko masaa matatu mbele ya UTC, na saa ya Kiswahili iko masaa sita nyuma ya hiyo ya kizungu, kwa hiyo tunataka UTC kutoa tatu:

    TZ=SAA3 date +%I:%M

Saa 13:00 ya ukutani inatoka 07:00, saa saba kamili. Saa 19:00 inatoka 01:00, saa moja jioni. Na kwa kuwa inahesabu kutoka UTC, ukiwa Muscat au London bado inakupa saa ya nyumbani. Ukiwa Bujumbura, ambako ni saa moja nyuma yetu, andika SAA4. Iweke kwenye promti, yale maandishi yanayotokea kabla ya pale unapoandika amri, ambayo nayo ni variabo, inaitwa PS1:

    PS1='[$(TZ=SAA3 date +%I:%M)] \w \$ '

Alama za kunukuu ziwe moja moja hivyo hivyo, ukitumia zile mbili saa itasomwa mara moja wakati wa kuseti na itaganda hapo siku nzima. Kwa zsh ni:

    setopt PROMPT_SUBST
    PROMPT='[$(TZ=SAA3 date +%I:%M)] %~ %# '

Ila usije ukanogewa ukaandika export TZ=SAA3. Kila programu itairithi, git itaandika kwenye kazi zako kwamba uko kwenye -0300, wenzako watadhani umehamia Brazil. Iache ndani ya promti tu.

Siri sasa, funguo za API (zile programu inazotumia kujitambulisha kwenye huduma za mtandaoni) na pasiwedi za database. Watu wanazitupa kwenye .bashrc halafu wanaipandisha GitHub kama mafaili yao ya mipangilio, na ufunguo ukishapanda umeshapanda, unaubadilisha tu hakuna namna. Tengeneza faili lake, ~/.siri, lipe chmod 600, na kwenye .bashrc weka [ -f ~/.siri ] && . ~/.siri. Lakini kumbuka urithi: kilichoekspotiwa kinafika kwa kila programu unayoifungua, pamoja na ile uliyoshusha mtandaoni jana usiku. Ufunguo unaohitajika na amri moja upe hiyo amri moja, kwa mtindo ule wa kutanguliza.

Zimebaki sehemu mbili ambako variabo zako zitaonekana hazipo hata kama kila kitu kiko sawa. Sudo, kwa mipangilio yake ya kawaida, inafuta nyingi kwa usalama, kwa hiyo unaipa baada ya neno lenyewe, sudo MJI=Tanga printenv MJI, na kama sheria za mashine zinakuruhusu itapita. Nyingine ni cron, ile inayokukimbizia amri kwa ratiba uliyoiandika kwenye crontab: haifungui teminali, haisomi .bashrc, na PATH yake kwa kawaida ni /usr/bin:/bin tu, ndiyo maana skripti inayokimbia vizuri mkononi mwako inafeli saa nane usiku. Andika PATH yako juu kabisa ndani ya crontab, kwa kirefu chake kwa sababu pale $HOME haifunguliwi:

    PATH=/home/jina_lako/bin:/usr/local/bin:/usr/bin:/bin

na ukitaka kuona cron inaona nini hasa, ongeza kwa muda mstari huu, subiri dakika moja, soma faili, kisha ufute:

    * * * * * printenv > /tmp/cron_env.txt